Mizani Nayo Hupimwa

Katika kila soko kuna mizani, na katika kila mizani kuna amana. Mnunuzi hutazama mshale, muuzaji hutazama mshale, na wote wawili huikubali hukumu ya chombo kisichokuwa na jamaa wala rafiki. Mshale ukisema kilo moja, maneno hukoma. Hii ndiyo heshima kubwa ya mizani: humaliza ugomvi kwa kusema kweli. Lakini heshima hiyo hiyo ndiyo hatari yake. Mwizi akiiba sokoni hupigiwa kelele. Mizani mbovu huiba tangu asubuhi hata jioni, na hapana apigaye kelele, kwa sababu kila mtu amekwisha iamini. Kwa hivyo sheria ya Kenya humtaka mfanyabiashara aipeleke mizani yake ikaguliwe na kupigwa muhuri. Mkaguzi haipimi kwa unga wala kwa sukari. Huchukua jiwe la chuma ambalo uzito wake unajulikana, akaliweka juu ya mizani, akatazama kama mizani itasema kweli juu ya jambo ambalo yeye analijua tayari.

Ewe msomaji, nataka tulifikiri pamoja swali moja. Chombo kilichowekwa kufichua makosa ya vyombo vingine, ni nani atakayefichua makosa yake? Na kikipimwa mara moja kikafaulu, je, tumekwisha timiza wajibu wetu, au tunadaiwa kukipima tena? Wahenga walisema kwamba mganga hajigangi. Nitalitazama swali hili kwa mfano wa chombo kimoja cha zama zetu, ambacho pengine hujapata kukiona, lakini ambacho kazi yake inagusa mshahara wa mzazi wako, dawa ya hospitali na ndege ipitayo juu ya kichwa chako.

Tarakilishi hutenda kazi kwa kufuata programu, na programu si kitu ila orodha ndefu ya amri zilizoandikwa na binadamu. Kwa kuwa binadamu hukosea, amri zake nazo hukosea. Mafundi wa lugha ya Kiingereza huliita kosa la namna hii mdudu. Jina hilo ni la zamani kuliko tarakilishi zenyewe, maana mvumbuzi Thomas Edison alilitumia katika barua ya mwaka 1878. Lakini tarehe 9 Septemba 1947, watumishi wa mashine kubwa ya hesabu katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo halisi amenaswa ndani ya mashine yao. Walimtoa, wakambandika katika daftari la kazi, na wakaandika kwa mzaha kwamba hii ni mara ya kwanza mdudu wa kweli kuonekana. Grace Hopper, aliyekuwa mmoja wa wataalamu wa mashine hiyo, alikisimulia kisa hicho kwa miaka mingi, na daftari lile limehifadhiwa katika makumbusho hata leo. Sisi wa Kiswahili hatukuhitaji kungoja nondo. Tulikwisha kusema zamani kwamba kikulacho ki nguoni mwako.

Wadudu wa programu hawabanduliwi kwa vidole. Hawana mabawa wala miguu. Wamo ndani ya fikira ya mwandishi wao. Maurice Wilkes, aliyeongoza ujenzi wa tarakilishi ya EDSAC katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, ambayo ilianza kazi mwezi wa Mei 1949, alikumbuka baadaye siku aliyong'amua ghafla kwamba sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki ingetumika katika kutafuta makosa ya programu zake mwenyewe. Ndipo wataalamu walipoanza kutunga programu za kusaka makosa ya programu nyingine. Kwa ufupi nitaiita programu ya namna hiyo msakaji. Mmoja wa wasakaji mashuhuri huitwa GDB. Ilitungwa na Richard Stallman mwaka 1986, na ingali ikitumika.

Msakaji hufanya kazi tatu. Huisimamisha programu mahali unapotaka, kama askari asimamishavyo gari njiani. Hukuonyesha thamani zilizomo ndani yake wakati huo: jina hili lina tarakimu gani, hesabu ile imefika wapi. Kisha huiruhusu iendelee hatua kwa hatua, nawe ukiitazama kila hatua. Ili aisimamishe programu, aghalabu huondoa amri moja mahali palipochaguliwa, akaweka badala yake amri ya kusimama. Programu ikisha kusimama, huirudisha amri ya asili mahali pake. Unaona basi kwamba msakaji si mtazamaji wa mbali. Huingiza mkono ndani ya kile anachokitazama, na mkono uingiao ndani waweza kuponya au kuvunja.

Hapa sina budi kuungama kosa langu, maana bila ya kosa hilo nisingalipata haki ya kuandika insha hii.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mtunzaji wa programu iliyopiga hesabu ya malipo ya wachuma chai. Kila jioni karani wa mizani aliandika kilo za kila mchumaji katika kitabu, kisha akaziingiza katika tarakilishi. Mwisho wa mwezi baadhi ya wachumaji walinung'unika kwamba malipo yao yamepungua. Nilimchukua mmoja wao, mama mtu mzima, nikaisimamisha programu kwa msakaji katika mstari uliopiga hesabu yake ya siku moja. Kitabu cha karani kilisema kilo 46. Msakaji alinionyesha 38. Nilishangilia kwa kuwa kazi ilikuwa nyepesi. Nikasema: karani ameandika 46 kitabuni na kuingiza 38 katika mashine, na kilo 8 zimekwenda asikokujua mtu.

Kijana yule aliitwa mbele ya wakubwa. Alisema, “Mzee, nilichokiona juu ya mizani ndicho nilichokiandika, na nilichokiandika ndicho nilichokiingiza.” Mimi nilijibu kwa maneno ambayo hata leo huniumiza nikiyakumbuka. Nilisema, “Mashine haina sababu ya kusema uongo.” Akaondolewa mezani pake kwa siku 9, na katika siku hizo wale waliokuwa wakimwamkia walimpita kimya.

Siku ya kumi mwenzangu mmoja, mtu wa maneno machache, aliongeza mstari mmoja katika programu ili programu yenyewe iandike thamani iliyo nayo. Iliandika 46. Programu ilikuwa imetafsiriwa kwa namna ya kuifanya iende mbio, na katika kutafsiriwa huko thamani ya kilo ilihamishwa kutoka mahali pamoja kwenda pengine. Msakaji hakuambiwa habari za uhamisho. Aliendelea kutazama mahali pa zamani, ambapo palibaki kilo 38 za mchumaji aliyetangulia, akanipa tarakimu hiyo kwa utulivu kama ajuaye. Kosa la kweli lilikuwa mistari michache mbele, ambapo makato ya chama cha akiba yalikatwa mara mbili. Laiti ningalipiga hesabu ya pili kwa kalamu, ningaliona kwamba bei ya kilo 8 hailingani na fedha zilizopungua. Laiti ningalifungua orodha ya asili, ningaliikuta 46. Njia zilikuwapo, lakini nilikwisha ridhika.

Sasa liangalie jambo lenyewe, msomaji. Waliomtunga msakaji yule hawakuwa wavivu. Walimpima kwa majaribio mengi, na yote yalifaulu. Mimi nami nilimtumia mara nyingi, naye akasema kweli. Basi kosa lilikuwa wapi? Lilikuwa katika jaribio ambalo halikuandikwa. Hapana aliyeuliza: je, programu ikitafsiriwa kwa namna ya kwenda mbio, na thamani ikahamishwa, na mahali pa zamani pakabaki na takataka ifananayo na kweli, msakaji atasema nini? Majaribio yaliyofaulu yalishuhudia yale yaliyoulizwa; juu ya yale ambayo hayakuulizwa yalikuwa kimya, nasi tuliufanya ukimya wao kuwa ushahidi.

Mtaalamu Mholanzi Edsger Dijkstra alifundisha mwishoni mwa miaka ya 1960 kwamba majaribio yaweza kuonyesha kuwa makosa yapo, lakini hayawezi kamwe kuonyesha kuwa makosa hayapo. Fundisho hili ni chungu. Wako wanaolisikia wakakata tamaa wakasema: ikiwa hatuwezi kuwa na hakika, kwa nini tujitaabishe? Lakini mkulima naye hawezi kuwa na hakika ya mvua, na halali kitandani kwa sababu hiyo. Kutokuwa na hakika kamili si ruhusa ya uvivu. Ni sababu ya kuchagua kazi kwa akili. Swali si kama tutajaribu mambo yote, maana mambo yote hayana mwisho. Swali ni jaribio gani lifuate, na kwa nini lile wala si jingine. Huku ndiko kunakoitwa kupanga majaribio ya ziada, na mimi nasema kwamba kazi hii, ingawa yaonekana ni ya mafundi, asili yake ni ya maadili. Acha nikuonyeshe.

Kwanza, msakaji apimwe kwa kitu ambacho jibu lake linajulikana. Mpangaji hutunga programu ndogo ambayo kila thamani yake ameiandika mwenyewe: hapa pana 7, pale pana 12, na kosa nimelificha katika mstari wa 9. Kisha humwita msakaji amwambie. Hii ndiyo kawaida ya mkaguzi wa mizani na jiwe lake la chuma. Aanzaye kwa kuuliza asilolijua hawezi kujua kama amejibiwa kweli.

Pili, apimwe kwenye mipaka. Makosa hupenda kukaa kwenye mipaka kama nyoka akaavyo kwenye ua. Programu isiyokuwa na mstari hata mmoja wa kusimamia; jina refu kupita kiasi; tarakimu iliyo kubwa kuliko zote zinazoruhusiwa, na ile iliyoizidi kwa moja. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 iliruka kwa mara ya kwanza kutoka Kourou, Amerika ya Kusini, na ikavunjika angani kabla ya dakika moja kwisha. Programu ya kuiongoza ilirithiwa kutoka kwa roketi ya zamani, Ariane 4, na ndani yake tarakimu moja ilitakiwa iingie katika nafasi isiyoweza kupokea zaidi ya 32,767. Roketi ya zamani haikufikia mpaka huo. Roketi mpya, yenye mwendo mkubwa zaidi, iliupita. Kabla ya safari programu ile haikujaribiwa kwa mwendo wa roketi mpya. Ilifaulu majaribio ya mama yake, ikaangushwa na maisha yake mwenyewe.

Tatu, na hili ndilo lililonipata mimi, msakaji apimwe mahali ambapo jibu la haki ni “sijui”. Programu ikitafsiriwa kwa kwenda mbio, baadhi ya thamani hufutwa kabisa kwa kuwa hazihitajiki tena. Msakaji mwema akiulizwa juu ya thamani iliyofutwa, husema kwamba imefutwa. GDB ina maneno maalumu ya kusema hivyo. Msakaji mbaya huokota chochote kilichopo akakupa. Jaribio la namna hii ni gumu kulitunga, kwa sababu tumezoea kudhani kwamba kufaulu ni kutoa jibu. Lakini kuna nyakati ambazo kufaulu ni kulikataa jibu. Mwaka 2021 kundi la watafiti lilichapisha makala ambayo kichwa chake kiliuliza ni nani asakaye kasoro za wasakaji. Ndani yake walifichua makosa katika habari ambazo programu za kutafsiri huwapa wasakaji. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka karani wangu.

Nne, apimwe kama anadhuru akitazama. Nilisema kwamba msakaji huingiza mkono. Je, akiutoa, kila kitu kiko kama alivyokikuta? Amri aliyoiondoa ameirudisha? Kuna makosa ambayo hutoweka pindi msakaji akaribiapo, kwa sababu ujio wake hubadilisha mwendo wa programu, na pindi aondokapo hurudi. Mwalimu akiingia darasani watoto wote husoma. Akitoka, makelele huanza. Mwalimu aamuaye tabia ya darasa kwa kile akionacho akiwa ndani hajui lolote juu ya darasa lake.

Tano, apimwe na mikono ya aina nyingi. Kati ya mwaka 1985 na 1987, huko Marekani na Kanada, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa 6 mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa. Moja ya makosa yake lilijitokeza pale tu mtumishi alipoisahihisha amri yake upesi sana, katika muda wa sekunde 8. Anayejaribu polepole hakuliona. Walioliona ni watumishi waliokuwa wameizoea kazi hata vidole vyao vikawa vyepesi. Kosa la jamii hiyo lilikuwamo pia katika mashine iliyoitangulia, lakini mashine ile ilikuwa na vizuizi vya chuma vilivyoikinga, na kwa hivyo hapana aliyejeruhiwa wala aliyejua. Vizuizi vilipoondolewa, na programu ikaachwa peke yake, kosa la zamani lilipata mlango.

Mwisho, kila kosa lililotengenezwa lizae jaribio. Fundi akisha kuziba ufa, na aache alama mahali pale, ili ufa ukirudi ujulikane siku hiyo hiyo. Na makosa yanayojulikana lakini hayajapata dawa yaandikwe wazi kwamba yapo. Katika orodha ya majaribio ya GDB kuna fungu la majaribio yanayoshindwa kwa kosa linalojulikana. Hayafichwi wala hayafutwi ili hesabu ipendeze. Mficha ugonjwa, kifo humuumbua.

Najua, msomaji, kwamba akilini mwako kumezaliwa upinzani, nao ni upinzani wa haki. Utasema: ikiwa programu hupimwa na msakaji, na msakaji hupimwa na majaribio, ni nani atakayeyapima majaribio? Na akipatikana mpimaji wa majaribio, ni nani atakayempima yeye? Je, si ngazi isiyokuwa na mwisho?

Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, majaribio nayo hupimwa, na hupimwa kwa hila iliyo njema. Tangu miaka ya 1970 wataalamu wamekuwa na mbinu ya kutia makosa ndani ya programu kwa makusudi, kisha wakatazama kama majaribio yatayagundua. Mpangaji huchukua msakaji aliye mzima, akamharibu kidogo kwa siri, akamfanya asahau kuirudisha amri aliyoiondoa, akayaendesha majaribio. Yakipita yote kama kwamba hapana kilichotokea, basi majaribio hayo ni mlinzi alalaye akiwa amefumbua macho. Jaribio ambalo haliwezi kushindwa halijaribu kitu.

Pili, ngazi haihitaji kufika mbinguni. Inahitaji kuegemea kuta mbili. Ukweli hautafutwi kwa shahidi juu ya shahidi bali kwa mashahidi wawili waliosimama mbalimbali. Mimi nilimwamini msakaji peke yake. Mwenzangu alimleta shahidi wa pili, yaani programu yenyewe. Na kalamu yangu ingalikuwa shahidi wa tatu. Lakini mashahidi hao wawe mbalimbali kwa kweli. Katika Ariane 5 kulikuwa na tarakilishi ya akiba, iliyowekwa ili ya kwanza ikishindwa ya pili ishike kazi. Ya pili ilikuwa na programu ile ile, kwa hiyo ilishindwa kwa kosa lile lile. Mashahidi wawili waliofundishwa na mwalimu mmoja kusema neno moja ni shahidi mmoja mwenye vivuli viwili.

Na upinzani wa gharama? Utasema kwamba majaribio huchukua muda, na muda ni fedha. Ni kweli. Wala simtaki fundi wa mchezo wa watoto apime kama fundi wa mashine ya mionzi. Kipimo kilingane na madhara. Lakini tambua tofauti iliyopo kati ya chombo cha kawaida na chombo cha kuhukumia. Programu ya malipo ikikosea, huwadhulumu watu wa kiwanda kimoja. Msakaji akikosea, humpotosha kila fundi amwaminiye, na kila fundi hupeleka upotofu ule katika kiwanda chake. Kosa la mtuhumiwa ni moja. Kosa la hakimu huzaa hukumu nyingi. Kwa hiyo asemaye “huyu ni wa kupima, hana haja ya kupimwa” ameligeuza neno juu chini. Kadiri mtu au kitu kinavyoaminiwa kuhukumu wengine, ndivyo kinavyodaiwa kupimwa mara nyingi, kwa ukali zaidi, na mahali pale ambapo kinaweza kukosea bila ya kelele.

Sasa niache habari ya mashine, nikugeukie wewe. Pengine hutapata kamwe kuandika programu. Lakini ndani yako kuna msakaji, nawe unamtumia kila siku. Ni ile akili ikuambiayo: huyu ni mwongo, yule ni mwema, hili nalijua, lile silijui. Umempima lini? Mwanafunzi ajiandaaye kwa mtihani hurudia maswali aliyokwisha kuyaweza, kwa sababu kuyajibu humpa raha. Kila alama ya sahihi humnong'oneza kwamba yuko tayari. Maswali yanayomshinda huyaruka. Siku ya mtihani hukutana na yale aliyoyaruka, kisha humlaumu mtunga mtihani. Huyu hakukosa bidii. Bidii alikuwa nayo tele, lakini aliitumia kuuthibitisha ubora wake badala ya kuutafuta upungufu wake.

Kupanga jaribio la ziada ni kujiuliza: ningekuwa nimekosea, kosa lingejificha wapi? Ni swali dogo, lakini laumiza, maana nyani haoni kundule. Mwenye kujiuliza hivyo kabla ya kumhukumu mwenzake amemtendea haki mwenzake hata kabla ya kujua ukweli. Asiyejiuliza, hata akihukumu sawa, amebahatisha tu.

Karani yule alirudishwa mezani pake. Nilikwenda kumwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia shutuma zangu, kwa kuwa jeraha la hadharani haliponywi faraghani. Alinisikiliza hata mwisho, kisha akasema, “Mzee, mimi kila asubuhi kabla ya kupima chai huweka jiwe la kilo 10 juu ya mizani. Wewe huweka nini?” Sikuwa na jibu siku ile. Jioni nilikaa nikaandika programu ndogo yenye thamani inayohamishwa, nikaiandikia jibu lake la haki, nikawapelekea watungaji wa msakaji ili waitie katika majaribio yao. Tangu hapo, kila nipatapo msakaji mpya, kabla sijamwuliza habari za kazi ya mtu mwingine, humwuliza kwanza habari za programu ile ndogo. Ndiyo jiwe langu la kilo 10.